Hodi ya Saa Saba Mchana

Hodi ile iliingia saa saba na dakika kumi mchana, siku ya Alhamisi, na ingekuwa hodi ya kawaida kabisa kama mashine ya kuipiga isingekuwa imezimwa.

Tuanze na hiyo mashine, maana kuna watu wakisikia rada wanafikiria ndege na vita. Hii haikuwa na habari na ndege. Kazi yake ilikuwa bahari. Kule Maneromango, wilaya ya Kisarawe, zilisimamishwa nguzo arobaini za chuma katikati ya mihogo ya watu, nazo zilirusha mawimbi ya redio juu angani. Yakifika juu kabisa mawimbi hayo hugonga anga na kuinama, yakaanguka baharini kilomita elfu moja, elfu mbili huko, yakagusa maji, kisha yakarudi na habari: upepo unavuma wapi, kwa nguvu gani, na kimbunga kipi kinajikusanya. Sasa, anayepiga kelele hawezi kusikiliza kwa wakati huohuo, kwa hiyo masikio ya rada yaliwekwa mbali, Soga, upande wa Kibaha. Maneromango inapiga, Soga inapokea. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Maneromango alikaa Ephraim. Soga alikaa Kabula. Na hawa wawili walikuwa mtu na mkewe.

Ndoa yenyewe ilikuwa ya miezi minane, bado inanukia rangi, na ofisi ikawatenganisha hivyo bila huruma. Walionana Jumamosi na Jumapili tu, kwenye vyumba viwili vya kupanga Maili Moja, ambako Kabula alirudi kila jioni. Wenye Maili Moja yao waliwajua tangu uchumba: Ephraim alikuwa akimsindikiza Kabula kutoka stendi mpaka mlangoni, halafu Kabula anaona si vizuri mwenzake arudi peke yake, anamsindikiza mpaka stendi, halafu Ephraim naye hakubali, anamrudisha nyumbani, na hivyo hivyo, wanakwenda na kurudi mpaka mama mwenye nyumba anatoka na ufagio. Watu wa namna hiyo ukiwaweka mbali lazima watatafuta ujanja. Ephraim akaupata. Kila mtambo wa redio hujitambulisha hewani kwa alama za nukta na mistari, naye akachomeka alama yake mwenyewe. Kila anapowasha asubuhi, kabla ya kazi yoyote, mashine inapiga kwanza neno moja: HODI. Neno linapanda angani, linaangukia baharini, linagusa maji ya wasiowajua, linarudi Soga. Kabula akilisikia kwenye spika anasema kwa sauti, "Karibu, mume wangu," ndipo anachukua simu na kumpigia. Miezi minane, kila asubuhi ya Mungu. Hakuna aliyejiuliza hodi hiyo huko inakopita inasikiwa na nani mwingine.

Alhamisi hiyo Ephraim alizima mitambo saa sita ili abadilishe kebo, na Kabula alijua. Alikuwa ameketi na Halidi, fundi wa jenereta, wanakula wali maharage na kusengenya wakubwa wa ofisi. Spika ikalia. Nukta nne. Mistari mitatu. Neno likakamilika, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika. Kabula, mdomo umejaa wali, akaitikia bila kufikiri:

"Karibu, mume wangu."

Mlango ukafunguka wenyewe. Hapakuwa na mtu. Ila iliingia harufu ya mwani uliooza na matumbo ya samaki, Soga, mahali ambapo harufu kubwa ni mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokauka. Pazia halikutikisika. Kiti cha plastiki alichozoea kukalia Ephraim akija kituoni kikalia kwa chini, kikajikunja miguu, kisha kikatulia.

"Shemeji kaja na dagaa," Halidi akasema, akacheka peke yake.

Kabula akampigia mumewe. "Umewasha?"

"Nitawashaje na kebo nimeishika mkononi?"

"Mbona nimepata hodi?"

"Labda mwangwi. Ya asubuhi imezunguka dunia." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. "Na wewe ukaitikia?"

"Kama siku zote."

"Ulisema mume wangu?"

"Ephraim, nilisema kama siku zote!"

Kabula alipokata simu alifungua picha za rada za asubuhi. Katikati ya bahari, tangu alfajiri, palikuwa na duara dogo la upepo mkali, jekundu, ambalo hakuliona kwa sababu ya uvivu wa macho. Pepo nyingine zote zilikwenda kaskazini kwa msimu wake. Hili duara lilikuja huku, limenyooka kama mtu aliyeelekezwa nyumba, na katika picha ya mwisho kabla Ephraim hajazima lilikuwa limefika ukingoni mwa skrini, upande wa nchi kavu.

Jioni alirudi Maili Moja jua likiwa bado halijazama vizuri. Mlango wake aliufunga kwa kufuli asubuhi. Kufuli lilikuwepo, limefungwa vilevile. Aliingia. Sakafu ilikuwa na majimaji. Ugali aliouacha umefunikwa ulikuwa umeliwa, na sahani ilikuwa imelambwa mpaka maua yake yamefutika. Kutoka chumba cha ndani sauti ya Ephraim ikasema, kwa uchovu wa mtu aliyetoka kazini:

"Umechelewa, mke wangu."

Moyo wa Kabula ulifurahi kwanza. Hilo ndilo lililomuuma sana baadaye, kwamba alifurahi. Kisha simu ikatetemeka mfukoni, na jina kwenye kioo lilikuwa la Ephraim.

"Uko wapi?" akanong'ona.

"Geti la kituo, na Magembe mlinzi. Kwa nini unanong'ona?"

"Kwa sababu uko chumbani unavua viatu."

Kiatu kimoja kilianguka sakafuni huko ndani. Cha pili hakikuanguka. Kabula alisimama pale na simu sikioni, akisikia pumzi za mumewe upande mmoja na pumzi za mumewe upande mwingine, na alipoanza kurudi nyuma, hatua, hatua nyingine, mgongo ukiutafuta mlango, paka wa mama mwenye nyumba akapita kati ya miguu yake akaingia chumbani kwa ile harufu ya samaki, akalia mara moja tu, kisha akatoka akiwa amerushwa, akagonga ukuta, akateleza chini, na ngozi yake yote ilikuwa imegeuzwa ndani nje kama soksi.

Kabula alilala kwa mama mwenye nyumba, au tuseme alikesha. Angekaa huko huko. Lakini Ijumaa ilikuwa zamu yake, na kimbunga kilikuwa kinatajwa huko kusini, na watu wa meli walikuwa wanasubiri picha. Akaenda. Alimweleza Halidi yote, na Halidi, kwa kuwa alikuwa mtu mwema mwenye mzaha usiojua mipaka, akasema dawa ya kitu kama hicho ni kukidharau. Saa saba mchana, jua limesimama utosini, akaenda akakikalia kile kiti cha plastiki, akakunja nne.

"Mume mwenza," akasema, "sogea kidogo tukae wote."

Jamani, mzaha una mahali pake. Kiti hakikusogea. Halidi ndiye aliyeanza kukandamizwa, mabega kwanza, kama amekaliwa na mtu mzito, na alipofungua mdomo apige kelele taya lake likavutwa chini, likavutwa tena, likakatika upande mmoja kwa mlio ambao Kabula aliusikia kwenye meno yake mwenyewe. Maji yakaanza kutoka. Hayakutoka juu wala chini, yalitoka ndani yake, mdomoni, puani, machoni, maji ya bahari yenye mchanga na vipande vya mwani, na Kabula akimvuta kwa mikono miwili, akimpiga mgongoni, akiita jina lake, mtu akazama mbele yake kwenye chumba kikavu chenye feni, amekaa, viatu vikiwa safi. Ilichukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Hospitalini daktari aliuliza alizama ufuo gani.

Walimzika Halidi Mlandizi siku hiyohiyo baada ya alasiri. Kabula hakusubiri kesho. Kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja kwa Anifa, Mzaramo anayeuza supu ya makongoro nyuma ya stendi ya Maili Moja, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mkali, ambaye anajulikana pia kwa kazi ya kuongea na wale wasioonekana, ingawa ukimwita mganga anakumwagia mchuzi. Alisikiliza huku anachochea kuni. Kabula alipofika kwenye "Karibu, mume wangu," mwiko ukasimama.

"Nyie Wasukuma," Anifa akasema, "mnakaribisha hata mvua."

"Mama Anifa, mtani wangu, leo niache. Mtu amekufa. Na anayefuata ni Ephraim, najua. Huyu aliyeingia hataki kuwa na mume mwenza."

"Shusha sauti." Anifa aliangalia benchi la wateja. Lilikuwa tupu, ila ubao wake ulikuwa umelowa. Akasogea karibu, akaongea kwa pumzi tu. "Sikiliza. Huyu siwezi kumchoma ubani nikamfukuza. Hakuvunja mlango. Alipiga hodi, akakaribishwa, tena kwa cheo kikubwa. Nikimfukuza, haki iko kwake, ataua mtaa mzima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atasindikizwa. Kama mgeni yeyote. Wewe uliyemkaribisha ndiye utakayemtoa, kwa heshima, mpaka alikoingilia. Aliingilia wapi?"

Kabula alifikiri. "Kwenye nguzo. Alifuata mawimbi yetu."

"Basi mfikishe kwenye nguzo, mawimbi yapande naye. Mambo mawili uyashike. La kwanza, ulimi wake unaweza kusema lolote kwa sauti yoyote, isipokuwa neno moja. Hawezi kusema karibu. Hana nyumba duniani. La pili," na hapo akamshika mkono kwa nguvu, "ukimuaga usimwambie karibu tena. Tunalisema bila kufikiri, hata kwa anayetudai. Uma ulimi ukibidi, lakini usiliseme. Mumeo naye asiliseme."

Jumamosi asubuhi Kabula alisimama mlangoni pake, mbele ya chumba chenye harufu ile, akajikaza na kusema kama mke mwenye adabu: "Bwana, umekaa, tumekushukuru. Safari yako ni ndefu. Twende nikusindikize."

Kisha sauti ya Ephraim ndani ikasema, "Unanisindikiza mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nimefurahi."

Pikapu ilikuwa ya Twalibu, mpwa wa Anifa, kijana ambaye aliambiwa asitazame nyuma kwenye kioo na hakutazama. Anifa alikaa mbele. Kabula alikaa nyuma kwenye bodi, juu ya gunia, na gunia la pili pembeni yake likabonyea na kuanza kuchuruzika maji. Wakapita Mlandizi, wakavuka reli, wakashika njia ya Mzenga yenye mashimo. Kabula aliongea njia nzima, maana mgeni hasindikizwi kimya. Alimwonyesha mashamba. Alimwambia huku nanasi, kule korosho. Akiishiwa maneno harufu inazidi, akipata maneno harufu inapungua. Na mara mojamoja gunia lilijibu, kwa sauti ileile aliyoipenda duniani kuliko zote: "Ndiyo, mke wangu. Endelea."

Karibu na Maneromango walikuta ng'ombe wamefunga barabara, kama mia hivi, wanakwenda kunywa. Mwenyewe, Mzee Ngolo, alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Kabula alimsalimia kwa Kisukuma, akaomba njia. Mzee akacheka kwa furaha ya kusikia lugha ya kwao, akataka kujua yeye ni mtoto wa nani.

"Tunachelewa," gunia likasema.

"Mara moja tu, bwana, ni mtu wa kwetu."

"Tunachelewa."

Dume kubwa jeupe lililokuwa mbele ya gari likainuliwa. Miguu yote minne iliacha ardhi, shingo ikazungushwa kama mtu anakamua nguo, mara moja, mara mbili, mpaka kichwa kikaangalia mkia, kisha mzigo wote ule ukabamizwa chini na damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha Twalibu. Ng'ombe waliobaki wakatimka porini. Mzee Ngolo alibaki amekaa chini kwenye vumbi, fimbo mapajani, akilia kwa sauti bila haya, na Kabula, mtoto wa wafugaji, hakuruhusiwa hata kushuka kumpa pole. Akaendelea kuongea. Akamwonyesha mgeni mnara wa kanisa la misheni kwa mbali. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni.

Kituo kilikuwa tayari. Ephraim alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha mitambo, amekonda kwa siku mbili. Kabula alikuwa amemweleza yote kwa simu, naye alikuwa amelitoa lile neno lake la mapenzi na kuweka jingine: KWAHERI. Kulikuwa na sheria moja pale ambayo kila mtu aliijua. Moto wa umeme unaopita kwenye nguzo hizo humbanika mtu, kwa hiyo anayeingia uani kwenye nguzo kwanza huchomoa ufunguo wa kuwashia na kuingia nao mfukoni. Ufunguo ukiwa mahali pake, hakuna mtu ndani. Ufunguo usipokuwepo, mashine haiwaki. Sheria nzuri, haijawahi kuua mtu.

Magembe mlinzi akafungua geti. Kabula akashuka. "Tumefika, bwana," akasema. "Hapa ndipo ulipoingilia."

Vumbi likazunguka polepole miguuni pake.

"Yule pale ni nani?" sauti ya Ephraim ikauliza, ikimwangalia Ephraim.

Kosa la Kabula lilikuwa kunyamaza, na kunyamaza kule kukamjibu mgeni kwamba yule ndiye mume wa kweli. Upepo ukapasuka. Geti la chuma likang'oka na Magembe akiwa amelishika, likaruka naye, likamtua juu ya uzio, na mguu wake ukabaki upande huu wakati yeye akiwa upande ule. Mabati ya kibanda yakang'oka moja baada ya jingine na kukata hewa yakipiga filimbi, moja likapita juu ya pikapu na kulikata paa lake, na Anifa akamvuta Twalibu chini ya dashibodi huku akipiga kelele, "Washa, Kabula! Washa!" Ephraim akatolewa mlangoni kana kwamba amekamatwa kwa miguu, akaburutwa uso ukilima ardhi, akapotea kwenye vumbi ambalo lilikuwa jekundu na lenye chumvi na lililojaa mlio wa nguzo arobaini zikilia zote pamoja.

Kabula alikimbilia kibandani kwa magoti na mikono. Ufunguo ulikuwepo mahali pake. Akaushika.

"Kabula! Usiwashe! Niko kwenye nguzo!"

Sauti ilitoka uani, katikati kabisa ya vyuma. Ilikuwa ya Ephraim, na hofu yake ilikuwa ya Ephraim. Ufunguo ulisema hakuna mtu ndani, lakini sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu aliyeburutwa. Akiwasha naye yuko pale, amemuua kwa mkono wake. Asipowasha, mgeni yupo na atamuua tu.

"Sema karibu!" Kabula akapiga kelele.

"Mke wangu, nimevunjika, njoo unitoe."

"Sema karibu, Ephraim!"

"Unanipenda au hunipendi? Njoo mara moja, nashika damu yangu kwa mikono, njoo unione tu, hatua kumi, Kabula, hatua kumi."

"Neno moja tu!" Alikuwa analia mpaka hamna pumzi. "Mume wangu, neno moja!"

Sauti ya uani ikakaa kimya. Na nyuma ya kibanda, chini chini, nje ya nguzo, mtu mwenye mdomo uliojaa udongo akasema: "Karibu... Karibu, mke wangu."

Kabula akazungusha ufunguo.

Mitambo ikanguruma. Nguzo zikapiga neno lililowekwa, nukta na mistari, na lile vumbi lote likafyonzwa juu kwa mkupuo mmoja. Kabula alitoka mlangoni, akasimama wima jinsi mwenyeji anavyosimama, akasema, "Kwaheri, bwana. Asante kwa kuja." Akauma ulimi. Aliuuma kweli, damu ikatoka, lakini neno lile jingine halikutoka.

Kutoka juu sana, mbali tayari, sauti ikajibu kwa upole: "Asante, mke wangu. Umenisindikiza mbali."

Kisha kukawa na jua la kawaida na kunguru.

Alimkuta Ephraim nyuma ya kibanda. Alikuwa hai. Ili upepo usimwondoe alikuwa amejishikilia kwa mkono wa kushoto kwenye kebo itokayo kibandani kwenda kwenye nguzo, kebo ileile mpya aliyoifunga Alhamisi, na alipoitikia karibu hakuwa ameiachia, kwa sababu angeiachia angekwenda. Kuanzia kiwiko kwenda chini mkono ulikuwa mkaa. Kabula ndiye aliyeuchoma. Ephraim alipozinduka hospitalini alilisema jambo hilo mwenyewe, kabla mkewe hajaweza: "Ulifanya vizuri. Ningekuwa wewe nisingeweza."

Mkono ule waliukata. Magembe naye alipona, na mguu wa bandia. Alama ya hodi ilifutwa kabisa, kituo kikapewa namba, na Maneromango akapelekwa fundi mwingine. Baada ya wiki tatu Ephraim akaanza kwenda Soga kila siku na mkewe, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa sababu hakuna kati yao aliyeweza kukaa peke yake. Kile kiti cha plastiki walikichoma. Kazi yao ikawa moja, kuangalia duara jekundu kwenye skrini.

Na raha iliyoje, lilikuwa linakwenda! Rada ile haikuwahi kufanya kazi tamu kama hiyo tangu ijengwe. Kila picha duara lilikuwa mbali zaidi, kilomita elfu moja na mia mbili, elfu moja na mia tano, elfu mbili, likisafiri polepole, likipungua wekundu. Kabula alianza kula vizuri. Ephraim alianza mizaha, akisema sasa anamwandikia mkewe mapenzi kwa mkono mmoja na hivyo ni nusu bei.

Siku ya Jumatano, mchana, duara lilisimama. Picha mbili, tatu, halikusogea. Picha ya nne lilikuwa limegeuka.

Kabula alimpigia Anifa, akanong'ona ingawa hapakuwa na wa kumficha. "Anarudi."

"Ulisema karibu tena?"

"Sikusema. Ulimi wangu una kovu."

"Mumeo?"

"Hakusema. Hata usingizini hasemi, namsikiliza."

Mchuzi ulisikika ukichemka nyuma ya Anifa. "Alipoondoka alisema nini? Neno kwa neno."

"Alishukuru. Alisema nimemsindikiza mbali."

"Ee Mungu wangu," Anifa akasema. "Kabula. Na mtu anayekupenda, ukimsindikiza mbali hivyo, yeye hufanyaje?"

Kabula alikuwa anaiona stendi ya Maili Moja, giza linaingia, mama mwenye nyumba na ufagio wake, na kijana anayecheka akimwambia haiwezekani, haifai, lazima na yeye amrudishe. Duara kwenye skrini lilikuwa jekundu tena. Lilikuwa limefika ukingoni. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Spika haikupiga nukta wala mistari. Iliongea, kwa sauti iliyotulia, na chumba kikajaa harufu ya mwani.

"Umekuja mbali kwa ajili yangu, mke wangu. Si vizuri urudi peke yako. Ngoja na mimi nikusindikize."

"Ephraim, zima!" Kabula akageuka. "Zima hiyo spika, twende!"

Ephraim alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake mmoja umeshika koo. Alijaribu kumwonyesha kuwa bado ni yeye. Midomo yake ilijifunga na kufunguka kwenye neno lilelile, neno ambalo mgeni hakuweza kulisema, lakini kilichotoka kilikuwa maji, maji ya chumvi yenye mchanga, yakashuka kwenye kidevu na kwenye shati, yakaingia kwenye ule mkono uliokunjwa mpaka ukajaa, pini ikafyatuka.